Kabla Hujauza Bodi, Kagua Lenzi

Haya ni maneno niliyowaambia wapiga picha wenzangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nimeombwa niyaandike kwa ajili ya waliokuwa na kazi siku hiyo.

Ndugu mwenyekiti, kaka zangu na dada zangu wa Ujiji, Mwandiga na Kibirizi, na ninyi mliodamka alfajiri kutoka Kasulu na Uvinza: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa. Najua wengine mna send-off jioni na betri hazijachajiwa, kwa hiyo naingia kwenye mada moja kwa moja.

Mada niliyopewa ni ukali wa picha, na nilitakiwa niseme kamera gani inatoa picha kali zaidi. Mada nimeipokea, swali nimelikataa. Kijana wa mji huu akishashika hela ya harusi mbili tatu, ananipigia: "Kaka, nichukue bodi gani sasa?" Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi haulizi. Anayo ileile ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja ndani ya boksi, imekula vumbi la kila barabara ya mkoa huu, mbele imefungwa kifilta, kile kioo cha kukinga lenzi, cha bei ya soda, na anataka kuihamishia kwenye bodi ya mamilioni. Picha ikitoka laini, yaani bila ukali, lawama zinakwenda kwa aliyeediti.

Tuanze na megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, vile vijinukta vinavyounda picha, maana ndizo zinazouza kamera. Nikon D90, ambayo baadhi yetu tulijifunzia, ina megapikseli 12: pikseli 4288 kwa upana na 2848 kwa kimo. Bodi ya megapikseli 24 inakupa 6000 kwa 4000. Muuzaji anakwambia umeongeza mara mbili, na kwa idadi ya pikseli hajakudanganya. Ila mteja wako anaangalia kope za bibi harusi na nyuzi za kitenge cha mama mkwe, na kila ukope umepata pikseli mara 1.4 tu kwa urefu wake. Ukitaka upate mara mbili kamili, inabidi utoke 12 uende 48.

Halafu picha yenyewe inakwenda wapi? Ile saizi ya albamu, sentimita 10 kwa 15, ukiiprinti kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 1200 kwa 1800, yaani megapikseli 2 na kidogo. A4 inataka karibu 9. A3, ambayo mteja akiiagiza unamsimulia hadi jirani, inataka kama 17. Projekta ya ukumbini yenye 1920 kwa 1080 ni megapikseli 2. WhatsApp ndiyo usiseme, inaibana picha kabla hata shangazi hajaifungua.

Sasa nivumilieni niandike ubaoni. Lenzi hupokea nukta ya mwanga na kuitua ndani ya kamera ikiwa kidoa. Lenzi nzuri inatoa kidoa kidogo, mbovu inatoa kikubwa. Kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, nacho kina pikseli zenye upana wake. Upana wa kidoa na upana wa pikseli haujumlishwi kama hela ya mchango. Kwa makadirio yanayotosha kazi yetu, unavijumlisha kwa vipeo vya pili, ile Pythagoras ya sekondari mliyodhani mmeagana nayo kwenye mtihani.

Chukua Nikon D80 ya mwaka 2006, megapikseli 10. Pikseli yake moja ina upana wa maikroni 6 hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ipe lenzi ya kawaida yenye kidoa cha maikroni 8. Sita mara sita 36, nane mara nane 64, jumla 100, kipeuo chake 10. Hicho ndicho kidoa utakachompelekea mteja. Sasa uza kiwanja, nunua Fujifilm X-T5 ya mwaka 2022, megapikseli 40, pikseli za maikroni 3, na uipe lenzi ya kiwango kilekile. Tisa jumlisha 64 ni 73, kipeuo 8.5. Pikseli zimeongezeka mara nne, kidoa kimepungua kwa asilimia 15.

Rudi kwenye D80 yako ya zamani, badili lenzi tu, weka yenye kidoa cha maikroni 4.5. Thelathini na sita jumlisha 20 ni 56, kipeuo 7.5. Kamera ya 2006 imeishinda ya 2022. Ukizikutanisha bodi mpya na lenzi nzuri unapata 29, kipeuo 5.4, na hapo ndipo hela ya bodi inaanza kuonekana. Vidoa vya lenzi nimevichagua ili hesabu ikae vizuri ubaoni, kwa sababu lenzi halisi hubadilika kwa kila ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga na kila umbali. Lakini mwelekeo wa hesabu ndio huo, na hakuna tangazo litakalougeuza.

Hesabu hiyo inavunja porojo mbili zinazozunguka hapa mjini. Ya kwanza inasema lenzi ya zamani ukiifunga kwenye bodi yenye pikseli nyingi, picha inaharibika. Si kweli. Tumetoka 10 tukafika 8.5, lenzi ni ileile na picha imekuwa bora kidogo. Wanachokiona wenzetu ni kwamba wakiikuza picha hadi mwisho kwenye kompyuta, ya megapikseli 40 inajitokeza kubwa zaidi na kila kosa linaonekana. Ziprinti zote mbili kwenye A4, uziweke mezani, ndipo utoe hukumu. Porojo ya pili ni kwamba pikseli zitaiokoa lenzi. Kumwagia pikseli lenzi mbovu ni kuongeza maji kwenye chai: kikombe kinajaa, ladha ni ileile.

Basi lenzi nzuri ni ipi? Si uzito, wala si ile pete nyekundu ya lenzi za bei kubwa. Kioo kimoja cha mviringo hakiwezi kuukusanya mwanga wote mahali pamoja. Mwanga wa bluu hupinda zaidi ya mwekundu, ndiyo maana shela nyeupe ikipigwa na jua la saa nane unaona ukingo wa zambarau. Mwanga uliopita pembeni mwa kioo nao hautui pale ulipotua wa katikati. Kwa hiyo mtengenezaji anapanga vioo vingi, kimoja kinarekebisha kosa la kingine, na ndipo linapozaliwa tatizo jipya: kioo kisichopakwa kitu kinarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande. Vioo 12 vilivyoachana vina nyuso 24. Piga hesabu, zaidi ya nusu ya mwanga haifiki kwa njia yake, na sehemu yake inabaki inazurura ndani na kuipausha picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akiwa Zeiss kule Ujerumani, alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba sana unaoua mng'ao huo. Ile rangi ya kijani au zambarau unayoiona ukiinamisha lenzi ni ukoo wa kazi yake.

Halafu wewe unakuja kufunga mbele yake kifilta kisichopakwa chochote, unapiga taa za ukumbi, kwenye picha kunatokea taa za pili zinazoelea juu ya kichwa cha bwana harusi. Kitoe. Weka kile kikinga jua cha plastiki, kinazuia mwanga wa pembeni na pia kinapokea kishindo lenzi ikigonga kiti. Na simu zetu, jamani: umetoka kula mgebuka wa mawese, umeshika simu kwenye jicho la kamera, unasema simu imechoka. Ifute.

Nije kwenye tundu la lenzi, ule upenyo wa mwanga unaopimwa kwa namba ya f: namba ikikua, tundu linabanwa. Karibu kila lenzi ikifunguliwa wazi kabisa inakuwa laini, hasa kwenye kona. Ibane hatua mbili hivi uone. Ile lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu, ukiifikisha f/4 inatoa ukali ambao lenzi ya boksi haikupi kirahisi. Lenzi ya boksi nayo kwenye milimita 55 inaanzia f/5.6, ipeleke f/8 ikiwa mwanga unaruhusu. Ila usiendelee kubana ukidhani kila hatua ni faida. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na hilo halitegemei bei ya lenzi. Kwenye f/8 nukta ya mwanga wa kijani inakuwa kidoa cha karibu maikroni 11. Kwenye f/22 kinafika kama 30. Kamera ya megapikseli 24 yenye kihisi cha saizi za hizi Nikon na Canon zetu nyingi ina pikseli za maikroni 4, maana yake kidoa kimoja kinalalia pikseli saba kwa upana. Yule anayepiga Ziwa Tanganyika kwa f/22 ili "kila kitu kiwe kikali" anafanya kila kitu kiwe laini kwa usawa.

Kwa hesabu hiyohiyo niseme neno kuhusu simu za megapikseli 200. Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 ina pikseli za maikroni 0.6, na lenzi yake ni f/1.7. Hata lenzi hiyo ingekuwa haina kosa lolote, mwanga wenyewe unatoa kidoa cha maikroni 2.3, karibu pikseli nne kwa upana. Ndiyo sababu simu hiyo usipoiagiza vinginevyo inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Walioitengeneza wanajua. Sisi ndio tunaobishana vijiweni.

Sasa ununuzi, na hapa nitakaa, kwa sababu lenzi nyingi mkoani hapa ni za mtumba, zimetumwa kutoka Kariakoo kwa basi.

Lenzi ikifika, usianze kuifunga kwenye kamera. Fungua vifuniko vyote viwili, fungua tundu hadi mwisho, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma kwa pembe huku unachungulia mbele. Vumbi utaliona, nalo lisikutie hofu. Chembe kumi au ishirini hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Inapenda unyevu na giza, na mji wetu uko ukingoni mwa ziwa, mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili na ushee. Kuvu ikila ule utando wa Smakula, hata fundi akiifuta, alama inabaki. Ukiona ukungu mweupe uliotanda sawasawa kama pumzi kwenye kioo, hiyo nayo iache, itakupausha kila picha yenye taa. Ya kwako uliyonayo usiifungie miezi kwenye begi la ngozi. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, vipya au vilivyokaushwa, na itoe juani mara mojamoja.

Tochi ikiridhika, tafuta ukuta wa matofali ya kuchoma, na matofali Kigoma hayajaisha. Weka kamera kwenye stendi ikitazamana na ukuta sawasawa, isiinamie upande wowote. Piga ikiwa wazi kabisa, piga tena f/8. Tumia kihesabu cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Kisha nenda kwenye kompyuta, ukuze kona ya kushoto juu, ya kulia juu, na za chini. Kona zote nne zikiwa laini kwa kiasi kilekile, hiyo ndiyo tabia ya lenzi, na f/8 itazisaidia. Kona mbili za kulia zikiwa laini na za kushoto zina ukali, rudia jaribio uhakikishe kamera haijaenda mshazari. Ikitoka hivyohivyo, kuna kioo ndani kimekaa upande. Lenzi hiyo imewahi kuanguka, au ilitoka kiwandani hivyo. Irudishe. Hakuna bodi itakayoiponya, na mafundi wa kuirekebisha ni wa kutafuta kwa tochi ileile.

Je, bodi mpya haina maana? Inayo, tena kubwa, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye boksi. Picha nyingi laini ninazoletewa hazina kosa la pikseli wala la lenzi. Fokasi imekaa sikioni badala ya jichoni. Ukipiga 50 kwa f/1.8 kutoka mita moja na nusu kwenye hizi kamera zetu za kihisi cha kati, sehemu yenye ukali ina kina cha kama sentimita 6. Bwana harusi akisogea nyuma ya bega la mkewe tu, ameshatoka nje. Kwa f/5.6 unapata karibu sentimita 20, wote wawili wanaingia. Kamera zenye kioo cha kupindua ndani ya bodi, zile DSLR, hupima fokasi kwa kifaa kilicho pembeni, si kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo bodi na lenzi zinaweza kupishana na fokasi ikaangukia mbele au nyuma kila mara. Jaribu kwa kulaza rula mshazari, lenga sentimita ya 15, uone ukali umeangukia wapi. Zile zisizo na kioo hicho, yaani mirrorless, hupima kwenye kihisi chenyewe, na nyingi za sasa hulifuata jicho lenyewe hata mtu akicheza. Kwa mpiga harusi, hiyo ndiyo sababu halali ya kubadili bodi. Ya pili ni ukumbi wenye giza: bodi mpya hukuruhusu kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400 bila chenga nyingi kwenye picha, ukapata kasi ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi.

Na kasi ya shata ndiyo inayotuumiza kuliko tunavyokiri. Ukishika 50 mkononi kwenye kamera ya kihisi cha kati, usishuke chini ya sekunde 1/80. Kitulizi cha lenzi, ile VR ya Nikon au IS ya Canon, kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mama anayecheza sebene. Mcheza ngoma anataka 1/250 kwenda juu. Wale wanaokwenda na wavuvi wa dagaa usiku wakitokea Kibirizi wanalijua zaidi: mtumbwi unapanda, taa inayumba, mvuvi anavuta wavu, na wewe unayumba. Pandisha ISO bila aibu. Picha yenye chenga ina mnunuzi, iliyocheza haina.

Mpiga picha Hugo van Lawick alipotumwa na jarida la National Geographic pale Gombe mwaka 1962 kupiga sokwe wa mtafiti Jane Goodall, alikuwa na filamu, hana skrini ya kuchungulia, na mnyama ni mweusi ndani ya kivuli cha msitu. Picha zake zinachapishwa hadi leo. Siwaambii mrudi kwenye filamu, mimi mwenyewe sirudi.

Kuna jambo moja ambalo halinunuliki. Mwezi wa nane na wa tisa, mapori yanapochomwa, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inapotea. Mchana hewa juu ya maji na juu ya reli inatetemeka. Ukivuta kwa milimita 300 utapata picha ya hewa. Nendeni asubuhi, au siku mvua imetoka kunyesha, au sogeeni karibu. Jengo la stesheni, pale Reli ya Kati ilipofikia mwaka 1914, ukilipiga saa moja asubuhi kwa lenzi ya boksi na f/8, utadhani umebadili kamera.

Nimeletewa kikaratasi hapa, mtu ana Nikon D5300 na lenzi ya boksi, amejichanga, anauliza auze au aongeze. D5300 ina megapikseli 24, zinakutosha hadi A3. Usiuze. Tafuta 35 au 50 ya f/1.8, hela itakayobaki nunua flashi ya kurusha darini. Ila msikilize muuzaji vizuri: D5300 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi iwe AF-S, yenye mota yake ndani. Ukitumiwa AF-D, isiyo na mota, kwa sababu ni ya bei rahisi, utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono mpaka keki imekatwa. Na kabla hajaipeleka kwenye basi, mpigie simu ya video, mwambie afungue vifuniko na awashe tochi.